Mwonjaji Asiyekataa

Mguu haukuwa unauma, na hilo ndilo lililompa moyo. Mwonjaji alikaa ukingoni mwa kitanda, akaugeuza unyayo kuelekea dirishani na kukitazama kile kidonda chini ya kidole gumba. Kilikuwa kimepanuka, na pembeni kimeanza kuingia weusi, lakini ukikibonyeza, kimya. Daktari wa kliniki alikwisha kumwambia kwamba mgonjwa wa sukari auogope zaidi mguu usiouma. Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Tangu lini mtu akaogopa kitu kisichomuuma? Alikifunga kwa kitambaa safi, akavaa soksi mbili, akausukuma mguu ndani ya kiatu na kukaza kamba.

Soksi ya jana alikuwa ameitumbukiza chini kabisa ya ndoo ya nguo chafu. Wanaume wengine huamini kwamba chini ya ndoo ni nchi ya mbali, hakuna anayefika huko.

"Mbona umejifungia?" Mama yake aliuliza kutoka nje ya mlango.

"Navaa, mama."

"Unavaa nini hicho? Joho la harusi?"

"Kiatu, mama."

"Kiatu tu, chai imepoa mpaka imeota ngozi."

Alitoka akiwa amenyoosha mgongo, akaketi, akanywa chai isiyo na sukari huku mama yake akimtazama kila funda. Nyumbani alikuwa mgonjwa mwema kuliko wote mjini. Mkewe alikuwa ameshatoka na sinia lake la biashara, na kama kila siku alikuwa ameacha mezani yai la kuchemsha na salamu kupitia kwa mama mkwe: asisahau kutema.

Maana ndivyo alivyowaapia wanawake hao wawili. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwa miguu, mtaa kwa mtaa, wakionja vitu vinavyouzwa barabarani, na aliwaapia kwamba vitamu vyote huvitafuna kidogo tu kisha huvitema kwenye leso. Leso alikuwa nayo kweli. Ilikuwa safi, imekunjwa vizuri, na haijapata kutemewa kitu.

"Leo ndio wa hoteli?" Mama yake aliuliza.

"Ndio leo. Meneja mwenyewe anakuja kuona. Akiridhika, wageni wote wa hoteli ni wangu."

"Basi Mungu akutangulie. Na hizo nguo zako nitazifua leo, ndoo imeanza kunuka."

Mwonjaji alisimama nusu, akataka kumkataza. Saa ilikuwa inamsuta. Akaondoka.

Meneja wa hoteli alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani na simu mbili, na wageni aliokuja nao walikuwa sita. Alimtazama Mwonjaji toka utosini mpaka kwenye viatu, kama anayenunua kochi.

"Wewe ndiye wanayekuita Mwonjaji?"

"Ndiye mimi, dada. Karibuni sana. Sharti langu ni moja: hamtii kitu mdomoni mpaka mimi nimekionja mbele yenu. Nikisema imepita, kuleni bila wasiwasi."

"Na usiposema?"

"Basi haikupita," Mwonjaji alijibu, na wageni wakacheka.

Hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye uzito wa kicheko hicho. Neno "Imepita!" ndilo lililokuwa likiendesha mtaa mzima. Kila mara alikuwa akifumba macho, anatafuna taratibu, anainua kidole, analitamka kwa sauti ya mnadani, na wageni wanapiga makofi na kuingiza mikono mifukoni. Wauzaji walikuwa wakimvizia kwa sahani kama mama mkwe anayemvizia mkwewe. Mwenyewe alizoea kutaniwa kwa mapenzi: eti tumbo lake ni la serikali, kila mtu ana haki nalo.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa mkaanga viazi, jitu la kitambi lenye taulo begani. Nyuma ya karai lake, juu ya kigoda, aliketi mwanamke akimenya viazi na kuvitupia kwenye beseni. Huyo walikuwa wakimwita Bi Karanga, na jina hilo lilimbakia ingawa karanga za sukari hakuziuza tena.

Alikuwa na meza yake mwenyewe, hapo hapo pembeni, na vikombe vya karatasi vilivyopangwa kwa mistari. Siku moja Mwonjaji alikuja na wageni, na siku hiyo ndiyo alikuwa ametoka kuambiwa ana sukari, roho yake haijatulia. Bi Karanga alimnyooshea kikombe. Yeye akapunga mkono, akasema, "Leo hapana." Basi. Hakusema zaidi. Wageni walirudisha vikombe mezani kimoja kimoja. Neno likatembea: Mwonjaji kazikataa karanga, zina kitu. Haikuchukua muda hata wateja wa miaka wakaanza kuvuka barabara wakifika kwenye meza ile. Meza ikaondoka, mwenyewe akabaki anamenya viazi vya watu.

Tangu siku hiyo Mwonjaji hakukataa tena kitu cha mtu. Mara ngapi alitaka kumwendea yule mwanamke na kumweleza! Lakini kumweleza ni kusema "nina sukari," na mwonjaji mwenye sukari ni sawa na dereva kipofu. Nani atampa abiria? Akajitia hamnazo. Bi Karanga naye hakuwahi kumwinulia macho.

"Imepita!" alipiga kelele akiwa na kiazi cha moto mdomoni. Makofi yakalia. Kisu cha Bi Karanga hakikusimama.

Kwa mchoma mahindi mambo yalikwenda sawa. Kwa muuza sharubati ndipo mkosi ulipoanza kumnyemelea.

Sharubati ilikuwa ya matunda na sukari ya kumwagwa. Mwonjaji alikunywa bilauri nzima kwa sababu kiu ya ugonjwa ilikuwa imemkausha koo, na muuzaji, kwa kufurahi, akamwongezea nyingine. Akaimaliza hiyo pia. Kabla hawajatoka hapo kibofu kikamkumbusha.

"Samahanini, dakika moja," alisema, akaingia uani.

"Tena?" Meneja aliuliza aliporudi. "Umeingia msalani pale kwa mahindi pia."

"Ni baridi ya asubuhi, dada."

Meneja alitazama jua, lililokuwa limeshawapanda utosini, kisha akaandika kitu kwenye simu.

Wakashika njia ya mafundi viatu. Mgeni mmoja, mzee mwenye kofia ya majani, alikunja pua. "Kuna kitu kinanuka."

"Ni mtaro," Mwonjaji alisema haraka. "Mji wetu ni mzuri lakini mitaro yake, tusameheane."

Wote wakacheka, wakaruka mtaro. Wakaingia mtaa wa juu, wenye lami mpya na maua kwenye makopo, usio na mtaro wala jalala. Mzee wa kofia akanusa tena. Mwonjaji naye akanusa, na mara hii hakuwa na wa kumsingizia. Inzi mmoja wa kijani alikuwa ametua kwenye ncha ya kiatu chake cha kulia. Alikipiga chini kumfukuza. Inzi aliruka, akazunguka, akarudi kwenye kiatu kama aliyeacha mzigo wake hapo.

"Unachechemea," Meneja alisema.

"Kiatu kipya kinabana."

Kiatu chenyewe kilikuwa kimeshonwa upya mara nyingi hata kimesahau kilizaliwa na rangi gani. Meneja alipunguza mwendo, akaacha nafasi kati yake na Mwonjaji, na wageni nao, bila kuambiwa, wakaiacha nafasi hiyo hiyo. Akawa anatembea mbele peke yake, akieleza habari za majengo kwa sauti ya juu ili zifike nyuma. Aibu ilimpanda shingoni. Alijikaza kisabuni.

Kwa mwoka keki alimeza kipande chenye sukari ya unga juu. Akafumba macho kama kawaida. Alipoyafumbua, mtaa ulikuwa umeingia ukungu. Nyuso za wageni zilikuwa kama picha iliyomwagikiwa maji. Alisubiri. Hakuona vizuri bado.

"Imepita," alisema. Makofi yalikuwa machache.

"Kaka, hujambo?" mwoka keki alimnong'oneza. "Unatoka jasho jembamba."

"Sijambo. Bado kituo kimoja tu."

Kituo hicho kilikuwa cha mkewe. Hilo lilimtuliza kidogo. Mkewe aliuza vipande vya ufuta vilivyoshikanishwa kwa sukari, chini ya ngazi za posta ya zamani, na kila siku alimtengenezea mumewe kipande kimoja cha ufuta mtupu, akakikata pembe ili asikosee. Mwonjaji alikuwa akikichukua hicho mbele ya wageni, anakitafuna kwa mbwembwe, anasema imepita, na mke na mume wanatazamana kama wezi waliofaulu. Kwingine kote alimdanganya, lakini hapo walikuwa wakidanganya pamoja. Akikifikia kipande hicho, kazi imekwisha, Meneja ataondoka, na yeye atavua kiatu.

Waligeuka kona. Kando ya mkewe, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameketi mama yake.

Mama yake hakuwa mtu wa kuja mjini. Miguu ilimsumbua, na makelele ya magari yalimkera. Lakini yupo pale, kajifunga kanga mbili, na mapajani ana mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Mwonjaji hakuhitaji kuuliza mna nini ndani.

"Na hapa ndipo mwisho wa safari yetu," aliwaambia wageni, ulimi mzito. "Ufuta bora mjini. Mwenye nao ni mke wangu, kwa hiyo nikisema uongo nitalala nje."

Mzee wa kofia alicheka. Mkewe hakucheka. Alifunua sinia, akawapitishia wageni na Meneja, kila mtu akachukua kipande na kukishika mkononi, kungoja. Mwonjaji akatazama sinia akitafuta kipande kilichokatwa pembe. Akatazama tena. Hakikuwepo.

Amesahau? Siku kama ya leo? Akanyoosha mkono achukue chochote kilicho karibu. Mkewe akalivuta sinia.

"Wewe huli," alisema.

"Mke wangu anatania," Mwonjaji aliwaambia wageni. Kisha chini chini, "Nipe, nakuomba. Kimoja tu. Yule pale ndiye Meneja."

"Namwona."

"Nisipoonja unajua itakuwaje. Umemsahau Bi Karanga?"

"Sijamsahau."

Meneja alisogea. "Kuna tatizo na hivi vitu?" Kipande chake alikuwa amekishika kwa ncha za vidole sasa. Mgeni mmoja alikuwa ameshakirudisha chake kwenye ukingo wa sinia.

Mkewe alikiona kipande kile kikirudi. Ufuta wa siku nzima ulikuwa mbele yake, na wauzaji wa jirani walikuwa wamekwisha kugeuza shingo. Alijua neno litafika nyumbani kabla yake. Hata hivyo sinia hakulisogeza.

"Ufuta wangu hauna tatizo, dada," alisema. "Mwenye tatizo ni mume wangu."

"Mama Ufuta!" Mwonjaji alimkemea kwa jina la barabarani, jina ambalo hakuwa akimwita. Akajirusha mbele, akanyakua kipande na kukipeleka mdomoni. Mkewe akampiga mkono. Kipande kikaanguka, kikavunjika kwenye ngazi, na yule inzi wa kijani hata hakukijali.

Hapo mama yake akainuka kwenye ndoo. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, vua kiatu."

"Mama, si hapa."

"Soksi nimeiona. Nilidhani panya amefia kwenye ndoo. Baba yako alinificha hivi hivi, nikaja kuoneshwa mguu wake na watu baki, umeshakatwa na kufungwa kwenye shuka. Vua kiatu."

Watu walikuwa wamesimama. Wote walikuwa wakimtazama: Meneja, wageni, wauzaji ambao kila siku walimnyooshea sahani. Mwonjaji alitafuta mzaha wa kuwavusha hapo, yeye ambaye hakukosa mzaha hata msibani, na mzaha haukuja. Aliketi kwenye ngazi. Vidole vilishindwa na kamba. Mkewe alipiga magoti, akaifungua yeye, akavuta kiatu, kisha soksi ya kwanza, na ya pili ikaja na kitambaa.

Mzee wa kofia alirudi nyuma hatua mbili, akavua kofia yake na kuifunika pua. Kidole gumba kilikuwa cheusi.

"Kinauma?" mkewe aliuliza.

"Hakiumi hata kidogo," alisema, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo mbele ya kile kidole, ndipo alipoogopa. Alianza kulia. Mwanamume mzima alilia mbele ya watu wa hoteli na mbele ya posta.

Meneja alisafisha koo. "Pole sana. Lakini mtanielewa, mtu anayewaonjea wageni wetu chakula... Hoteli haiwezi." Aliweka kipande chake kwenye sinia taratibu, kwa adabu, na adabu hiyo ilimchoma Mama Ufuta kuliko tusi. Wageni wakafuata. Vipande vyote vilirudi. Mama Ufuta alivifunika pamoja na vingine kwa kitambaa cha sinia, akafunga pembe nne, akamkabidhi mama mkwe.

"Twende hospitali," alimwambia mumewe. "Egemea hapa."

Hospitali ilikuwa mwanzo wa mtaa, nyuma ya mkaanga viazi. Hakukuwa na njia nyingine ila ile waliyoijia.

Alitembea kisigino tu kikigusa chini, mkono shingoni mwa mkewe, mama yake nyuma na sinia kichwani. Mkewe alikuwa ameshika kiatu. Kwa mwoka keki, mwenyewe alitoka mbio na sahani, kwa mazoea ya siku zote.

"Mwonjaji! Pole, nini tena? Chukua hata kidogo uchangamke."

Mwonjaji alitazama sahani. Mkewe hakutaka kumsemea.

"Sili," alisema. "Keki yako haina neno. Mimi nina sukari."

Ilimtoka kwa shida, kama mfupa kooni. Kwa muuza sharubati akasema tena, "Nina sukari, kaka," na muuza sharubati akazitazama bilauri mbili alizompa muda si mrefu, akajishika kichwa. Kwa mchoma mahindi alisema bila kuulizwa. Kila alipopita waliacha kazi wakamfuata kwa macho, na nyuma yake akasikia mama yake akiwajibu mmoja mmoja, "Ndio, ana sukari. Ndio, mwaka na ushee. Mjinga, ndio, nimemzaa mwenyewe."

Walipofika kwenye karai la viazi, Mwonjaji alisimama. Mkewe alidhani amechoka.

"Pumzika kidogo."

"Si kupumzika." Aliuacha mkono wake kwenye bega la mkewe, akainama upande wa beseni. "Dada."

Bi Karanga aliendelea kumenya.

"Dada, siku ile sikuzikataa karanga zako. Nilikuwa nimetoka kliniki, nimeambiwa nina sukari. Niliogopa kuzila, na niliona haya kusema. Karanga hazikuwa na kosa lolote."

Kisu kilisimama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile mwanamke alimwinulia macho, akashuka nayo mpaka kwenye ule mguu usio na kiatu, akapanda nayo tena.

"Hazikuwa na kosa," alirudia.

"Hazikuwa nalo."

"Mimi mpaka leo nakaanga kidogo kidogo nyumbani," Bi Karanga alisema polepole. "Naonja. Nabadilisha mafuta, naonja. Nabadilisha sukari, naonja. Nawalazimisha wanangu waonje mpaka wanazikimbia. Natafuta ulichokionja wewe siku ile." Alikitazama kisu mkononi. "Nawe hukuonja."

Mwonjaji alisema tu, "Nisamehe, dada." Bi Karanga alijifuta mikono kwenye kanga, akasimama, akamgeuza kwa bega aelekee barabarani, kule walikosimama mkaanga viazi na wateja wake, mchoma mahindi aliyewafuata, na wapita njia.

"Sema kwao," alisema. "Kama unavyosemaga."

Mwonjaji alijaza pumzi. Sauti ya mnadani ilimkatikia mwanzoni, akaanza upya.

"Karanga za huyu mama!" alipiga kelele. "Zimepita! Zilipita tangu siku ile!"

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Karanga alibaki amesimama akiwatazama watu usoni, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha wamesikia. Kisha aliketi kwenye kigoda, akachukua kiazi kingine. Mama Ufuta alimshika mumewe kiuno, akahamisha kiatu mkono wa pili, na wakaingia kwenye lango la hospitali.